Kabla Hujashusha Sindano Kampala

Malaba, Jumapili mchana

Mwanangu,

Usicheke kwanza. Tangu nizaliwe umeniita mama kwa sababu nilipewa jina la marehemu mama yako, Nabwire wa Khunyangu. Hata ukinikasirikia husemi "wewe msichana". Unasema, "Mama, sasa hii ni nini?" Watu wa kwetu wote hufanya hivyo na sikuwahi kulifikiria sana jambo hili, ila wiki hii nimeona lina faida. Kama binti yako siwezi kukuambia ninayotaka kukuambia. Nimejaribu, nikifungua mdomo nasikia aibu na maneno yanaisha. Lakini kama mama yako naweza kukuandikia barua unapoondoka nyumbani, jinsi wazazi wanavyowaandikia watoto wao, na wewe utaisoma mpaka mwisho kwa heshima ya jina.

Umeenda kanisani na Mama kuombewa safari. Mimi nilisema nina kazi ya hesabu. Ni kweli ninayo. Iko hapa chini ya karatasi hii.

Sitaandika juu ya sweta, wala chakula cha Kampala, wala wale vijana wa kubadilisha pesa pale mpakani. Mama ameshayasema yote na kesho atayarudia. Ukifuata jina langu yeye ni mkaza mwanangu, lakini jana nilipomkumbusha alinijibu, "Mama mkwe mzuri ni yule anaosha sufuria. Shika hii." Kwa hiyo mambo ya nyumbani namwachia yeye. Mimi nataka kuandika juu ya katriji, kile kisanduku kidogo kinachoshika sindano ya mashine ya santuri.

Bwana Ssali anakungoja Jumanne. Amekabidhiwa santuri za zamani za kituo cha redio, chumba kizima, na anataka zihamishiwe kwenye kanda kabla hazijaharibika. Ana mashine mbili nzuri na katriji za aina ambayo, ukiacha ile moja aliyotuletea hapa, uliniambia hujaishika tangu lile duka la Nairobi ulilofanyia kazi lilipofungwa. Anakuchukua kwa majaribio. Ukifunga katriji ya kwanza ikalia vizuri, kazi ni yako. Ukivunja sindano, Kampala hakuna ya kuibadilisha, na utarudi hapa kuunga waya za redio za madereva wa malori, ambao siku hizi wananunua redio mpya badala ya kutengeneza. Na huko Kampala hakuna mtu hata mmoja anayejua kwamba vitu vya karibu huvioni.

Nimeliandika, tena kwa herufi kubwa kama barua yote, ili uisome ukiishika mbali. Sasa naweza kuendelea.

Nilianza kuwa macho yako siku ya mashine ya padri wa Amagoro. Unakumbuka ilivyoletwa, imefungwa blanketi nyuma ya baiskeli ya boda boda, na yule kijana akisukuma kwa mguu njia nzima kwa kuogopa mashimo. Kibanda chetu kilikuwa palepale karibu na foleni ya malori, na kila trela likipita meza ilitetemeka na sindano ikaruka. Ulichukua tyubu ya baiskeli ukaijaza upepo nusu, ukaiweka chini ya ubao, ukaweka mashine juu. Trela likapita na sindano haikujua. Nilikuwa kidato cha kwanza, nimekaa mlangoni na kitabu changu, na nilifikiri hiyo ndiyo kazi yenyewe na imekwisha.

Halafu ukatoa ile kadi ya kioo yenye mistari ya kunyooshea katriji, ukaiweka kwenye sahani ya mashine, ukainama. Ulikaa umeinama muda mrefu. Uliisogeza kadi mbali, ukaileta karibu, ukaenda nayo mlangoni kwenye mwanga, ukarudi.

"Mama, kuja uone. Hii mistari imechapishwa vibaya."

Nikaja, nikatazama. "Baba, mistari iko sawa."

"Iko sawa?"

"Iko. Ni katriji ndiyo imeangalia Uganda."

Nilisema hivyo kwa sababu meza yetu ilitazama kaskazini na Uganda ilikuwa mkono wa kushoto. Sikujua neno la kiufundi.

"Imeangalia Uganda kiasi gani?"

"Kidogo. Kama unywele."

"Unywele wako ama wa padri?"

Padri, aliyekuja nyuma ya mashine yake, alikuwa na upara, akacheka kabla yangu. Ukashika katriji kwa vidole viwili, ukaisukuma ile kidogo ambayo mimi singeweza kuisukuma hata nikishikwa mkono, na ukauliza, "Sasa?" Nikasema, "Rudisha Kenya. Basi. Hapo." Tangu siku hiyo tumefanya kazi hivyo. Wewe ni vidole na masikio, mimi ni macho. Wateja walidhani tunafanya mchezo. Yule mwenye baa ya kule stendi alikuwa akisema, "Fundi na mama yake wanagawa mpaka tena."

Tulikosea pamoja mara nyingi na sioni haya kuyataja, kwa sababu nilichojua nilikijua kwa kukosea. Nayaandika kwa sababu huko hutakuwa na mtu wa kukukumbusha.

La kwanza ni hilo la padri. Nilitazama sanduku la katriji, nikaona kingo zake zimelala sawasawa na mistari, nikasema hapo. Tukaifunga. Santuri ya kwaya ikaimba vizuri kabisa mpaka wimbo wa mwisho, ule wa ndani karibu na lebo, ambapo kila "s" ilitoka kama mafuta kwenye kikaango. Ulisikia kabla wimbo haujafika katikati. "Mama, ulitazama nini?" Nikasema nilitazama katriji. Ukaniambia santuri haisomwi na sanduku, inasomwa na kile kijiti chembamba kinachobeba sindano, na kijiti kinaweza kutoka kiwandani kimepinda kidogo ndani ya sanduku lililonyooka. Kinachotakiwa kufuata mstari ni kijiti. Nililazimika kulala shavu juu ya meza ndipo nikakiona. Ndipo nikaelewa pia kwa nini wewe hukukiona na ukasingizia kadi.

Kosa la pili lilikuwa la uzito, na hilo lilitoka kwangu. Wenye baa hapa wanaweka sarafu juu ya kichwa cha mkono wa mashine ili sindano isiruke watu wakicheza, na nimeona santuri zilivyokwanguliwa zikawa kijivu. Nilichukia sana jambo hilo. Kwa hiyo ulipokuwa unazungusha uzito wa nyuma ya ule mkono na mimi nasoma namba, nilikuomba tupunguze, tushuke chini ya kile kilichoandikwa kwenye karatasi ya katriji, tuihurumie santuri. Ukakubali, nadhani kwa kunifurahisha. Baada ya wiki chache padri alileta santuri imeharibika sehemu zote zenye sauti kubwa. Sindano nyepesi haikai ndani ya mfereji. Inarukaruka, inagonga kuta huku na huku, na kila ikigonga inamega. Ile nzito kidogo ingetulia na kuteremka taratibu. Nilidhani wepesi ni huruma.

Nimekuwa nikilifikiria hilo wiki hii, kwa sababu ndivyo nilivyokufanyia wewe. Kila uliposema taa ni mbaya, nilikubali taa ni mbaya. Uliposema maandishi ya siku hizi ni madogo, nikasema ni kweli, Baba, ni madogo.

Kisha ile siku ya sweta ya shule. Nilipitisha mkono juu ya mashine kuchukua kibano na uzi wa mkono wa sweta ukanasa kijiti. Haukukivunja, ulikipinda tu, na wewe ulikaa ukikinyoosha kwa pumzi zilizokatika huku mimi nimesimama ukutani nikilia bila sauti. Hukunigombeza. Ulisema tu, "Mama, kwenye meza hii tunavaa mikono mifupi." Koti lako jeusi la safari lina mikono mirefu na vifungo. Livue kabla hujaikaribia mashine ya watu, hata kama kuna baridi na hata kama unataka waone koti.

Na bisibisi. Hizo katriji za Bwana Ssali zina sumaku kali kuliko ya padri. Uliniambia mwenyewe kwamba bisibisi ya chuma ikifika karibu inavutwa ghafla na sindano ndiyo inayoipokea. Ile yako ya shaba nimeifunga kwenye kitambaa cha kijani na kuiweka juu kabisa kwenye sanduku la vifaa. Ile ya chuma nimeitoa, ibaki hapa.

Sasa nije kwenye siku aliyokuja Bwana Ssali.

Alikuwa anarudi kutoka Nairobi na gari lake likakwama kwenye foleni ya forodha. Akasikia santuri ikilia kibandani kwetu, akaja akasimama mlangoni bila kubisha. Uliponyamazisha akasema kwa adabu ya Kiganda, "Ssebo, hii ni mashine gani?" Ukamwonyesha. Hakuamini. Akaenda kwenye gari akarudi na katriji ndani ya kisanduku kidogo kama cha pete, akasema fundi aliyemwamini Kampala amekufa na huyu mwingine alimvunjia moja. Akakuomba uifunge aone.

Tuliifunga. Kifuniko cha sindano juu mpaka skrubu ziingie, waya kwa rangi zake, mkono ukaelea hewani bila kuinuka wala kushuka, halafu uzito wake. Mimi nilikuwa nimeinamisha shavu kwenye meza nikinong'ona Kenya, Uganda, Kenya tena. Nikakuambia kwenye kioo sindano na kivuli chake vimesimama kama mtu mmoja. Alitutazama akitabasamu. Alidhani unanifundisha.

Wimbo wa ndani ulipoisha bila kukwaruza alikushika mkono wako kwa mikono yake miwili, akakushukuru kwa Kiganda. "Webale nnyo, ssebo. Hii kazi yako si ya hapa kwa vumbi. Kuja Kampala." Kisha akanigeukia, "Na wewe nnyabo, soma mambo kwa mzee wako, utakuwa fundi kama yeye."

Tuliporudi nyumbani nilikuuliza kwa nini hukumwambia. Ulikuwa unavua viatu.

"Nimwambie nini? Kwamba macho yangu yako kidato cha nne na yana mtihani mwisho wa mwaka?"

"Mwambie unatumia miwani."

"Situmii."

"Unayo. Ulipewa zahanati."

"Kuwa nayo na kuitumia ni vitu viwili. Yule dereva wa Mombasa alisema nini? 'Fundi mwenyewe haoni, sindano ataionea wapi?' Akabeba redio yake akaenda."

"Basi niende na wewe. Nitasoma huko."

Mama aliacha kupepeta mchele. Wewe uliweka kiatu chini taratibu, ukasema, "Hapana. Hiyo hapana." Halafu ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, wewe umewahi kuniacha niache shule?" Ulikuwa unasema na bibi. Mama ameniambia baadaye kwamba bibi ndiye aliyekulazimisha kumaliza darasa la nane wakati babu alitaka uchunge ng'ombe. Kwa hiyo sikuliomba tena. Siwezi kuvunja neno langu mwenyewe.

Lakini nataka ujue kwamba nilitamani ukubali. Shuleni mimi si mtu wa kuzungumza na wengi wanadhani sipo. Kwenye ile meza mtu mzima alikuwa akiniuliza "Sasa?" na kungoja jibu langu kabla hajasogeza kidole. Sijui ni wapi pengine nitaulizwa hivyo. Nalisema ili usije ukafikiri umeniondolea mzigo.

Haya ndiyo ninayokuomba, na nimeyafikiria vizuri.

Mwambie Bwana Ssali siku ya kwanza, kabla hujafungua sanduku la vifaa. Mwambie kwa maneno machache: mikono yangu ni mizuri, masikio yangu ni mazuri, kwa macho nahitaji msaada, nipe mtu mmoja wa kutazama mstari. Redio nzima haiwezi kukosa mtu mmoja mwenye macho. Ukimwambia mapema ni habari ya kazi. Akiigundua mwenyewe wakati kijiti kimevunjika, itakuwa habari nyingine. Na huyo mtu mfundishe tangu mwanzo kutazama kijiti, si sanduku. Usimwambie Kenya na Uganda. Kampala pande zote ni Uganda, atachanganyikiwa. Mwambie dirisha na mlango.

Vaa miwani. Nimeiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti. Nimeijaribu mwenyewe na kichwa kikaniuma, kwa hiyo najua inafanya kazi kwa mtu asiyekuwa mimi. Ukitazama kadi, weka taa ubavuni, chini karibu na meza, si juu. Taa ya juu inamwaga mwanga kwenye kioo na kuficha kijiti. Taa ya ubavuni inakipa kivuli, na kivuli ni kirefu kuliko kijiti, utakiona. Nimegundua hili wiki iliyopita nikijaribu kutazama kama wewe, nimefumba macho nusu. Ndiyo sababu uliniona nikifanya hivyo, haikuwa usingizi.

Pale ambapo macho yatagoma kabisa, masikio yako yanajua njia. Uzito wa nyuma huna haja ya kuusoma namba kwa mtu. Ukishausawazisha mkono ukaelea, hesabu mibofyo yake kwa kidole unapouzungusha, nimeujaribu na inasikika. Sauti ya mwimbaji ikiegemea spika moja, kichwa cha mkono kimeinama. Ikitoka katikati, kama mtu aliyesimama mbele yako, kimesimama. Na usimalize kazi kwa wimbo wa kwanza hata Bwana Ssali akianza kupiga makofi. Wimbo wa nje kila katriji inauweza. Ngoja wa ndani.

Ukikosea, sema umekosea na ufungue skrubu uanze upya. Hapa uliniambia hivyo kila mara na hukuwahi kuinua sauti. Sijui kama watu wa Kampala watakungoja kwa utulivu kama ulivyoningoja mimi. Wakikuharakisha, toa mikono kwenye mashine, ukae kitako, wakuone umekaa.

Nasikia watu wanatoka kanisani, kwa hiyo namalizia.

Mlipokuwa huko nimekaa kwenye mashine yetu hapa sebuleni. Nimelegeza skrubu zote mbili za katriji na kuisogeza mahali ambapo hata mimi sipakumbuki. Nimekiinamisha kichwa cha mkono wake. Uzito wa nyuma nimeuzungusha huku nikitazama dirishani. Sindano ina kifuniko chake, usiogope, haina jeraha. Kesho nitaondoka kwenda shule mapema, Mama atakuwa sokoni, na basi lako haliondoki mpaka saa sita. Utakuwa peke yako asubuhi yote kuifunga upya, na hakuna mtu wa kukuona unavyoifanya.

Usiniachie ujumbe wa kunieleza imekuwaje. Jioni nikirudi nitavua sweta, niweke ile santuri ya rumba upande wa pili, niupeleke mkono wa mashine mpaka wimbo wa ndani kabisa. Utakuwa umeshavuka Jinja. Nitasikiliza yule mwimbaji anavyotamka maneno yake. Yakitoka safi, sitaigusa mashine. Yakikwaruza pia sitaigusa. Itakaa hivyo hivyo mpaka urudi uimalizie wewe.

Ni mimi mama yako,
Nabwire